Kimoja Kiimbe, Vingine Viitikie

Juma hili natoa nguo kabatini na kuzirudisha. Binamu yangu anaolewa, na usiku wa kupamba, wanawake wanapokusanyika kumtazama bibi harusi, ndio unaonifikirisha. Vitu vizuri ninavyo, ila kila kimoja kinataka kutazamwa peke yake.

Nikivaa, nataka kitu kimoja kiimbe na vilivyobaki viitikie, kama kasida. Wote wakipaza sauti pamoja hasikiki mtu. Lakini bila waitikiaji kasida hainogi, na hapo ndipo wengi wetu tunapopuuza: pesa zote tunazimaliza kwenye kitambaa cha kung'aa, kisha tunajitanda mtandio wowote ulio karibu.

Wanaume wa Lamu hili wanalijua vizuri. Kofia ya vito hushonwa kwa mkono, vitobo vidogo vidogo vinazungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ya miezi. Na mwilini huvaliwa nini? Kanzu nyeupe, safi, iliyonyooshwa kwa pasi, basi. Weupe ule hauna makuu, na ndio unaolipandisha jicho moja kwa moja hadi kichwani. Kaka yangu alipotaka kuongeza koti la kumetameta siku ya Idi, nilimwambia wazi: "Kaka, ukivaa hilo, kofia umeizika." Akaliacha.

Sisi wanawake hesabu yetu ni ngumu zaidi, kwa kuwa usiku mmoja tunaonekana kwa namna mbili. Njiani ni buibui, na kinachobaki nje ni uso, viganja na nyayo. Hapo anayeimba ni hina. Ikiwa imekolea vizuri miguuni, makubadhi ya ngozi ya kijiji cha Siyu yasiyo na shanga yanatosha kabisa; kiatu chenye mawe ya kumeremeta kitayafunika maua yaliyochorwa kwa saa nyingi. Tukishaingia ndani, wanawake peke yetu, buibui zinavuliwa na mambo yanageuka. Sasa dira, lile gauni pana, na vito ndivyo vyenye sauti, hina inarudi kuitikia. Kwa hiyo kabla ya kuchagua chochote hujiuliza kwanza: hiki kitaonwa wapi, na nani?

Rangi nimejifunza kwenye leso, yaani kanga. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina lake, na leso nzuri machoni mwangu ni ile ambayo pindo na mji havigombani. Tangu nianze kuzitazama hivyo, mtandio siuchagui tena kwa rangi iliyojaa kwenye nguo. Nachukua ile iliyo chache kabisa, pengine ya kikonyo cha ua tu. Nguo inatulia mara moja.

Nilitaka sana kuvaa pete yangu ya fedha, ile yenye kipande cha sahani ya kauri ya kale ambayo masonara wetu hapa hutengeneza. Naipenda mno. Shangazi akaitazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, kwenye kupamba dhahabu ni heshima ya nyumba." Nilitaka kubisha, lakini ni kweli: usiku ule sijivalii mimi peke yangu, nawavalia na watu wangu. Pete itangoja siku nyingine, maana fedha na dhahabu pamoja mkononi mwangu hazipatani.

Basi dhahabu ndiyo itakayoimba. Mkufu wa mama kifuani, na dira ya kijani kilichokoza, isiyo na nakshi hata moja, iliyoshonwa vizuri mabegani. Kwa fundi nimelipia mshono kuliko mapambo, na sijutii. Kikuba cha asmini nitakibana nyweleni, kwa sababu kifuani pana mwenyewe. Kilichobaki ni mtandio. Kesho nitapita Usita wa Mui, njia kuu ya maduka hapa Lamu, na dira yenyewe mkononi, na kila rangi nitaitazama dukani chini ya taa, si nje juani, kwa kuwa kupamba ni usiku.