Ukibakwa, anzia hospitali: saa 72 hazisubiri karatasi ya polisi

Hapa Kenya bado wako wanaoamini kwamba aliyebakwa hatibiwi mpaka aje na barua kutoka kituo cha polisi. Si kweli, na imani hiyo imewanyima manusura wengi dawa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinakupa haki ya kutibiwa katika hospitali ya umma kwa gharama ya serikali. Nenda idara ya dharura, mwambie muuguzi kwa sauti ndogo: "Nimebakwa, nahitaji PEP." Mengine utayaeleza faraghani.

PEP, dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi, ndiyo ya haraka zaidi. Ianze ndani ya saa 72, na ikianza ndani ya saa chache ni bora zaidi. Utapimwa virusi, lakini vipimo vikichelewa, dozi ya kwanza isingoje majibu. Kwa mtu mzima mara nyingi ni kidonge kimoja cha TLD (dawa tatu za virusi vya ukimwi ndani ya kidonge kimoja) kila siku kwa siku 28. Hapo katikati ndipo wengi huachia njiani, kwa sababu ya kichefuchefu au kwa sababu walipewa dawa za siku chache wakashindwa kurudi. Omba za siku zote 28, na umeze baada ya kula. Ukitumia dawa za kiungulia au vidonge vya madini ya chuma, mwambie mhudumu, kwa maana vinaweza kuzuia dawa isifyonzwe vizuri.

Mimba nayo: vidonge vya P2, vya dharura vya kuzuia mimba, hufanya kazi hadi saa 120, ila mapema ni bora. Vikiwa viwili, vimeze vyote kwa pamoja. Ukitapika kabla ya saa 2 kwisha, rudia. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu aseme, maana dozi huongezwa maradufu. Kwa mwenye uzito mkubwa P2 inaweza kupungua nguvu. Koili ya shaba, inayowekwa kwenye mji wa mimba, ikiwekwa ndani ya siku 5 haiathiriwi na uzito.

Kisha antibayotiki za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na ya pepopunda kama kuna jeraha. Wanaume na wavulana wana haki ya huduma zilezile, isipokuwa za mimba.

Ukiweza, usioge kabla ya uchunguzi. Umeshaoga? Nenda hivyo hivyo. Nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Una haki ya kukataa sehemu yoyote ya uchunguzi na bado ukapewa dawa. Fomu ya PRC, ya hospitali ya huduma baada ya ubakaji, ijazwe siku hiyohiyo, itiwe sahihi na tarehe, kwani P3, fomu ya polisi ya ripoti ya daktari, hutegemea yaliyoandikwa humo.

Saa 72 zikiwa zimepita, nenda tu. PEP haitaanzishwa, lakini majeraha, magonjwa ya zinaa, chanjo na ushauri nasaha bado vina nafasi, na kipimo cha virusi kitarudiwa baada ya wiki 6 na miezi 3.