Bibi, dogo na aiskrimu

Natoka kula kwa jamaa yangu hapa Yokohama, Japani, bado nacheka peke yangu kwenye treni.

Dogo wao kasukuma karoti pembeni: "Tabetakunai!" Yaani sitaki kula.
Mama yake: "Hayaku!" Haraka!

Mnaosoma Kijapani mnaielewa hii. Hayai ni kivumishi, kitu chenye kasi. Toa i, weka ku, tayari ni kielezi: hayaku.
Hata kutaka kwenyewe kunafuata njia hiyohiyo. Tabetai, nataka kula. Tabetakunai, sitaki. Tabetakatta, nilitaka. Kitenzi kimevaa viatu vya kivumishi, na kinatembea navyo vizuri tu!

Ikaja aiskrimu. Dogo: "Sugoi oishii!" Tamu ajabu!

Bibi akaweka kijiko chini taratibu.
"Sugoku."
Kisarufi yuko sahihi: sugoi (ajabu) ikikoleza kivumishi kingine kama oishii (tamu), inatakiwa iwe sugoku. Ila mtaani vijana wameshaamua lao.

Mama mtu akaonja ya kwake, akamwangalia mkwewe usoni: "Sugoi oishii!"

Meza nzima kimya. Mimi nimeinamia bakuli, mabega yanatikisika.

Haya, mko upande wa bibi au wa dogo?