Miezi Kumi na Minane ya Muwa, Siku Moja ya Kibali

Marehemu baba alikuwa na ekari tatu za miwa katika bonde la Nyando. Muwa wa magharibi mwa Kenya huchukua takriban miezi 18 tangu kupandwa hadi kukatwa, na ukishakatwa hauvumilii tena, kwa kuwa kila siku unayolala shambani au kwenye trela hupoteza uzito na utamu. Nakumbuka tulivyongoja malipo ya mavuno mamoja zaidi ya mwaka mzima, na yalipofika, gharama za kulima, mbolea na usafiri zilikuwa zimekwisha kukatwa, tukabakiwa na fedha zisizotosha hata karo ya muhula mmoja.

Kuanzia mwaka 2002 hadi 2025 Kenya ilikuwa ikipewa na Komesa, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ruhusa ya kuweka kikomo kwa sukari inayotoka nchi wanachama, ili viwanda vyetu vipate muda wa kujirekebisha. Ruhusa hiyo ilikuwa na masharti, yakiwemo kubinafsisha viwanda vya umma na kumlipa mkulima kulingana na sukari iliyomo ndani ya muwa badala ya uzito wa mizani peke yake. Muda uliongezwa mara kwa mara, na mwaka 2023 ukaongezwa tena miaka miwili. Mumias, kilichowahi kuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote nchini, kilikwisha kuwekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa mali kwa niaba ya wadai, mwaka 2019. Viwanda vya umma vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony vilikodishwa kwa wawekezaji binafsi mwaka 2025.

Wachumi wengi husema kinga hiyo ndiyo iliyotulemaza. Mimi sikubaliani nao kikamilifu, kwa sababu kinga yenyewe ilikuwa na mlango ambao ufunguo wake haukuwa kwa mkulima. Mwaka 2017, baada ya ukame kushusha uzalishaji kutoka takriban tani 640,000 hadi takriban tani 376,000, serikali iliruhusu sukari kuingizwa bila ushuru kwa tangazo la gazeti rasmi. Bei dukani ilikuwa imepanda mno, na siwezi kumlaumu mama wa Nairobi aliyetaka nafuu. Lakini sukari iliyoingia mwaka huo ilikaribia tani 990,000, zaidi sana ya pengo lililokuwepo, na ghala zilipojaa viwanda vilikosa pa kuuzia, basi deni likateremshwa hadi kwa aliyeleta miwa. Mwaka uliofuata kamati ya Bunge ilichunguza suala la sukari iliyoingizwa nchini, na ripoti yake ikakataliwa na wabunge mwezi Agosti.

Sheria ya Sukari ya mwaka 2024 imerejesha Bodi ya Sukari pamoja na tozo ya asilimia 4, inayotozwa sukari ya nyumbani na ile ya kigeni. Ni hatua njema. Hata hivyo, ningependa kwanza kuona orodha ya wanaopewa vibali vya kuingiza sukari, kiasi walichoruhusiwa na tarehe ya mzigo kutua Mombasa, ikibandikwa mahali ambapo mkulima wa Chemelil anaweza kuisoma kabla hajakopa mbegu.

Mjomba wangu ndiye anayelima shamba lile sasa. Juzi alinipigia simu. Hakuuliza bei ya mbolea, bali aliuliza kama nimesikia lolote kuhusu meli.