Pampu ilizima, chanzo kilikuwa kuishiwa hewa

Leo pampu ya maji imezima tena.

Fundi umeme alibadilisha kapasita, kifaa kinachosaidia mota kuanza kuzunguka. Sawa. Fundi bomba hakuona panapovuja. Sawa pia.

Anayejua kidogo kazi zote mbili ndiye aliyeuliza: mbona inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache?

Tangi la presha, ambalo hewa yake husukuma maji ili pampu ipumzike, liliishiwa hewa! Pampu ikiwaka ovyo, mota hupata moto, kapasita hufa.

Zima umeme, mwaga maji ya tangi, pima hewa kwa geji ya tairi. Swichi ya presha ikiwasha pampu kwenye psi 30 (psi ni kipimo cha presha), jaza hewa hadi psi 28. Valvu ya hewa ikitoa maji, mpira wa ndani unaotenga hewa na maji umepasuka. Hapo mwite mbobezi.

Swali lile linanifurahisha hadi sasa. Kwenye kazi yenu, nani huuliza hivyo?