Spana ya toki na bolti iliyojificha

Bolti ya nyuma ya mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu la mbele na bodi) kwenye sasipensheni ya gari langu imejificha mahali ambapo soketi haiingii hata uibembeleze. Kwa muda mrefu nilikuwa naikaza kwa kukisia, "hapo inatosha", mpaka ikalegea na mbele kukaanza kugonga kila nikipita tuta.

Basi nikatoa kafara spana moja ya ringi. Nikaikata kwa grenda, nikaichomelea kwenye kipande cha chuma chenye tundu la mraba la nusu inchi, kinachomekwa mbele ya spana ya toki, ile unayoiseti nguvu ya kukaza na inalia ikifika. Sura yake mbaya, lakini inafika.

Ila kirefusho hicho kinadanganya namba: kinarefusha spana, hivyo bolti inakazwa kuliko ulivyoseti. Spana yangu ina sentimita 50 kutoka katikati ya mshikio hadi kwenye mraba. Kirefusho kinaongeza 5. Nikitaka Nm 100 (nyutoni-mita, kipimo cha toki) kwenye bolti, naseti 100 × 50 ÷ 55, yaani kama 91. Nikikigeuza kikae pembe ya digrii 90 na spana, sihitaji hesabu.

Jingine limenigharimu bushi mbili, zile mpira za kwenye maungio ya mkono: bolti za bushi za mpira hazikazwi magurudumu yakining'inia. Gari likishuka, mpira unabaki umejipinda, mwisho unachanika. Siku hizi naweka jeki chini ya mkono, nainua mpaka gari lianze kunyanyuka kidogo kwenye stendi, ndipo nakaza na kusikiliza ule mlio wa "ka!"

Na anayetaka kuazima spana yangu ya toki afungulie nati zilizoshika kutu, jibu ni hapana.