Prepu inasaidia au haisaidii? Inategemea unamuuliza nani

Kila moki (mtihani wa majaribio) ya P7, darasa la saba, ikitoka huku Uganda utaskia walimu wanabishana, prepu ya usiku, yaani kujisomea shuleni baada ya vipindi, inasaidia au tunawachosha watoto bure? Halafu mtu anafungua Eksel, anapiga wastani wa wanaokaa prepu na wa wasiokaa, anakuta ziko sawa, basi, taa zizimwe. Ngoja kwanza.

Namba hizi nimezitunga ila hali yenyewe mnaijua. Watoto wa bweni bila prepu wanapata 60, wakikaa prepu 72. Wa kutwa bila prepu 58, wakibakizwa prepu 46, maana mtoto anatoka saa mbili usiku, anatembea gizani mpaka nyumbani, anakuta jerikeni la maji bado linamsubiri, kesho yake anasinzia kwenye hesabu. Sasa piga wastani, tuseme makundi yana idadi sawa: wenye prepu 59, wasio nayo 59. Athari kuu ya prepu, yaani tofauti ya wastani ukichanganya watoto wote, ni sifuri! Na prepu hiyohiyo imewapandisha hawa alama 12 na kuwashusha wale 12. Huo ndo mwingiliano: athari ya kitu kimoja inategemea kingine.

Bweni nalo linaonekana lina athari kuu ya alama 14, yaani 66 kwa 52, na hiyo ndo itatajwa kwenye mkutano wa wazazi. Lakini itafute hiyo 14 kwa watoto wenyewe, huioni: bila prepu tofauti ni 2 tu, kwenye prepu ni 26.

Mi data kama hii naanza na grafu, mistari miwili tu, wa bweni na wa kutwa, kutoka bila prepu kwenda kwenye prepu. Ikienda sambamba, sawa, athari kuu tuziongelee. Ikiachana hivi, mmoja unapanda mwingine unashuka, kwenye jedwali la anova (jaribio la kulinganisha wastani wa makundi) nasoma safu ya mwingiliano kabla ya kitu kingine. Na kwa wanaotumia R, programu ya takwimu, makundi yasipolingana idadi (na huwa hayalingani), amri yake ya anova, aov, inakupa athari kuu tofauti ukibadili tu mpangilio wa kuandika bweni na prepu, ila mwingiliano unabaki palepale.

Halafu tumieni alama zenyewe jamani, sio agrigeti, yaani jumla ya madaraja ya masomo manne. Kwenye PLE, mtihani wa kumaliza msingi, 4 ndo bora na 36 ndo mwisho, kwahiyo mstari unaopanda ni watoto wanaoanguka, na pia D1, daraja la juu kabisa la somo, inaweza kuwameza wawili waliopishana alama kadhaa, mwingiliano ukapotea au ukazuka wa uongo.

Kama kwenu prepu ni ya kulipia hiyo kesi nyingine kabisa, maana wanaobaki sio watoto walewale.