Ndege-mvumaji aliyezizima, na yule aliyeumia kweli

Asubuhi ya baridi kama ya leo, ndege-mvumaji huweza kukutwa akining'inia kwenye chupa ya maji ya sukari iliyotundikwa ili anywe, kichwa chini miguu juu, manyoya yamefutuka, macho yamefumba. Kucha zake, nyembamba kama uzi, zimeng'ang'ania ukingo wa chupa. Mkono unawasha kutaka kumtoa pale. Uzuie. Huenda haumwi hata kidogo, amezizima tu.

Ndege huyu wa mabara ya Amerika tunapenda kumfananisha na chozi wa kwetu, ingawa hawana undugu. Yule mwenye koo jekundu, wa mashariki mwa Marekani, ana gramu 3 hivi tu. Akiba yake ya nguvu ni ndogo mno, basi usiku wa baridi huufifiza mwili wake kama mtu anayefukia moto kwenye majivu: moyo unaopiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika akiwa anaruka hushuka hadi kama 50. Kuamka humchukua dakika 20 au zaidi, naye huanza kwa kutetemeka. Ukimtilia maji mdomoni kabla hajaamka, yataingia mapafuni. Kosa hili linaniuma kuliko yote, maana hufanywa kwa huruma.

Paji la uso la manjano nalo huwatisha watu bure: mara nyingi ni chavua ya maua. Kichwa chenye upara mwishoni mwa kiangazi kwa kawaida ni manyoya yanayobadilishwa. Lakini ulimi unaoning'inia nje hata akiwa ametulia, au bawa moja lililolegea kuliko jingine, hayo si ya kungojea.

Aliyejigonga kwenye kioo mtie kwenye boksi dogo lenye matundu ya hewa, chini utandike karatasi laini ya jikoni. Taulo lisitumike, kucha zitanasa kwenye nyuzi. Funika, weka mahali penye joto na kimya, mbali na watoto na paka. Usimchungulie kila mara. Hofu peke yake inammaliza. Baada ya saa moja, lipeleke boksi nje ulifunue.

Asiporuka na yuko macho, mpe sukari nyeupe kijiko 1 iliyokorogwa katika maji vijiko 4. Usitumie sukari guru wala rangi nyekundu. Asali pia hapana: kwetu ni dawa, ila ikichanganywa na maji huota ukungu haraka. Chovya ncha tu ya mdomo kwenye kijiko, ulimi utafanya kazi yenyewe. Usitumie bomba la sindano, kwa kuwa matundu ya pua yako kwenye shina la mdomo na huziba upesi. Tone likidondokea manyoya, lifute mara moja kwa kitambaa chenye maji vuguvugu. Likikauka manyoya hugandamana na hataruka.

Maji hayo ni ya kumvusha saa chache tu. Anahitaji protini ya wadudu wadogo, na sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama hairuhusu kumfuga. Mtafute mtaalamu wa kuuguza ndege wa porini mwenye leseni siku hiyo hiyo. Kama amekamatwa na paka, usisubiri hiyo saa moja hata kama huoni jeraha: bakteria wa meno ya paka humuua ndege, na antibiotiki hupatikana kwa mtaalamu huyo.